Nani Ataniosha?

Chumba cha maiti, Hospitali Kuu
3 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Naamini barua hii inakukuta mzima, umekaa kwenye kiti chako chenye mguu mmoja mfupi, ukiwaonya watu wasikikalie. Nami ni mzima, alhamdulillahi. Nisalimie baba, na umwambie kwamba ile redio aliyonitengenezea inashika kituo kimoja tu, lakini inakishika kwa uaminifu mkubwa.

Nina furaha kukuarifu kwamba, baada ya miezi mitano ya majaribio, nimethibitishwa rasmi kuwa msimamizi wa chumba cha maiti. Wenzangu niliohitimu nao wamepata ofisi zenye mapazia. Mimi nimepata majokofu kumi na mawili, meza mbili za chuma, bomba lisilofungika sawasawa na rejista yenye jalada jekundu. Silalamiki. Nimeanza kuandika mwongozo kuhusu namna ya kuwahifadhi na kuwasitiri watu wasiotambuliwa, na nakusudia kuuwasilisha kwa mganga mkuu kabla ya mwaka kwisha. Kurasa nne za mwanzo, kusema kweli, ni wewe mtupu: yote uliyonifundisha tangu nilipokuwa na miaka kumi na tisa, ulipoanza kunichukua nikusaidie kuwaosha wanawake waliofariki mtaani kwetu. Nimeyavisha tu lugha ya chuo kikuu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Nimefanya kosa ambalo sijapata kulisoma popote, na sina wa kumuuliza isipokuwa wewe.

Mwezi uliopita aliletwa mwanamke wa makamo aliyeanguka barabarani. Hakuwa na kitambulisho wala simu. Alivaa gauni refu la mikono mirefu, na kichwani alijifunga kitambaa vilevile tunavyojifunga sisi, kimeshuka hadi kwenye nyusi, hakuna hata unywele mmoja uliochungulia. Nikasema moyoni: huyu ni wetu. Siku sita zikapita, hakuna aliyekuja kumuulizia. Siku ya saba gari la manispaa lilikuwa lije kumchukua, na anayechukuliwa na gari hilo hufukiwa kama alivyo. Sikuweza kuvumilia. Jioni ya siku ya sita, kazi ilipokwisha, nilifunga mlango nikamwosha kama ulivyonifundisha. Nguo ya kumsitiri haikuondoka mwilini. Nilianza upande wa kulia, mara tatu, ya mwisho kwa kafuri. Nywele zake zilikuwa zimejaa nyuzinyuzi nyeupe. Nilizichambua mmoja mmoja kwa saa nzima, nikamsuka misuko mitatu, nikailaza nyuma. Nikamvisha sanda, vipande vitano. Nikamwombea dua.

Asubuhi, kabla gari halijafika, waliingia wanawake watatu na beseni, sabuni na gauni jeupe lililopigwa pasi. Walikuwa wakifanya kazi naye kwenye karakana ya magodoro. Kile kitambaa, shangazi, kilikuwa cha kuzuia pamba. Marehemu alikuwa Mkristo, tena mzee wa kanisa, na hao walikuwa wenzake wa kanisani waliokuja kumwosha.

Nilitamani jokofu namba tisa linimeze. Nilijieleza kwa lugha ya kitaalamu mpaka pumzi ikaniishia. Mkubwa wao ni bibi mfupi ambaye wenzake humwita Bibi Sindano, kwa kuwa yeye ndiye anayeshona midomo ya magodoro. Alifunua uso wa marehemu, akapitisha kidole kwenye msuko mmoja polepole, akitafuta pamba. Hakupata hata uzi.

"Ulimwosha peke yako?" akaniuliza.

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

"Ulikuwa unamjua?"

"Hapana."

Akawageukia wenzake. "Wekeni beseni chini. Leo yametupata yale ya wale wanawake wa kwanza." Sikuelewa alimaanisha nini. Kisha akanishika mikono yote miwili na kuitazama, mbele na nyuma, kama mtu anayechagua viazi.

Naomba uniambie: je, nina dhambi? Na zile dua, zimemfikia nani?

Mimi mtoto wa kaka yako, nikikuheshimu daima.

*

Nyumbani
21 Machi

Daktari wa Karatasi,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikitafuta habari, ya pili nikikutafuta wewe. Umejaa "nakusudia kuuwasilisha" mpaka nilidhani serikali inanidai kodi.

Sisi wazima. Kaka yako Mfupi kapata mtoto wa tatu wa kike na ananuna kama vile mvua imemnyeshea yeye peke yake. Baba yako yumo ndani ya redio nyingine. Akitoka tutamjulisha kwamba unamsalimu. Mimi mwezi huu nimeosha wawili. Wa mwisho alikuwa mnene, Mungu amrehemu, ndoo tisa za maji, na mkono wa kulia umekufa ganzi tangu siku hiyo. Utapita.

Sasa kosa lako. Nimemuuliza mwalimu wa madrasa. Akakohoa. Huyu akikohoa ujue kitabu hakina jibu la haraka. Halafu akasema Mwenyezi Mungu anatazama nia. Mimi naongeza langu: siku nyingine uliza kwanza, mwanangu. Kila mwenye kilemba si hajji. Lakini kama ulimtoa pamba ya nywele mmoja mmoja, hiyo haikupotea. Hakuna heshima inayopotea.

Na wewe usisahau tulichokubaliana. Mama yako nilimwosha mimi, ukiwa na miaka minane. Ulipokuwa mkubwa na mkono wako umeiva, ulisema kwa kinywa chako: "Shangazi, ukifa nitakuosha mimi, hakuna mwingine atakayekugusa." Watu wanaogopa kufa. Mimi nilikuwa naogopa mikono ya watu. Kuna wanaomgeuza maiti kama gunia. Tangu uliposema hivyo nalala usingizi mzuri. Basi usiiharibu hiyo mikono kwa kalamu.

Shangazi yako.

*

Chumba cha maiti
17 Aprili

Shangazi yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Nashukuru kwa jibu lako, ambalo nimelinakili kwenye daftari langu la utafiti bila jina, kwa kuzingatia maadili. Mwambie Mfupi kwamba watoto wa kike watatu ni mtaji. Asubiri azeeke ndipo atajua nani atamgeuza kitandani. Je, mkono umepona?

Bibi Sindano amenirudia. Aliniletea mto wa pamba mpya, akisema msuko wa rafiki yake ulistahili zawadi. Nikapata nafasi ya kumuuliza: wanawake wa kwanza ni akina nani? Hakunihubiria, shangazi. Alisema tu, "Wewe ni mtu wa kazi, utaielewa kuliko mimi," akaniachia kijitabu chembamba kinachoeleza maisha ya Nabii Isa kama wao wanavyoyaamini.

Nimekisoma kwa jicho la utafiti tu. Lakini ukurasa mmoja umenikamata, na nakueleza wewe kwa sababu hakuna mwingine mwenye ujuzi wa kuuelewa. Wanasema aliuawa. Wanasema alishushwa jioni, siku ya mapumziko ikiwa imekaribia, akavingirishwa na kulazwa kwa haraka. Unaijua haraka hiyo: jua linazama, watu wanagonga mlango, mmekwisha? Wanawake walikuwapo. Waliangalia alipolazwa. Kisha alfajiri ya siku ya tatu wakaja na manukato yao, kama akina Bibi Sindano na beseni lao, na njiani wakawa wanaulizana: nani atatuondolea lile jiwe mlangoni?

Shangazi, hapo ndipo nilipoacha kusoma kama msomi. Mtunga hadithi asingelikumbuka jambo hilo. Angewaza malaika na radi. Lile ni swali la watu wa kazi yetu: ndoo ya pili ameshika nani, ufunguo umeachwa kwa nani, mlango ule mzito utasukumwa na nani. Nililisikia kwa sauti yako kabisa.

Wakafika. Jiwe limeondolewa. Sanda ipo, mtu hayupo. Na kitambaa cha kichwani kimekunjwa, kimewekwa kando peke yake. Nimefanya kazi hii, kwanza na wewe na sasa hapa, miaka saba, na naweza kutoa ushahidi wa kitaalamu: anayeiba maiti hakunji kitambaa.

Kisha wazo likanijia ambalo sikulitafuta. Kama wanayosema ni kweli, basi Mungu mwenyewe amepita mikononi mwa watu kama mimi na wewe. Alilegea. Aligeuzwa ubavu. Kuna mtu aliyemfunga kidevu. Ilikuwa asubuhi, nimeshika mpira wa maji, meza tupu mbele yangu, na nikaitazama ile meza kama sijawahi kuiona. Nikakaa chini, sakafuni, na koti langu jeupe. Sijui nilikaa kwa muda gani. Maji yalinilowesha hadi magotini.

Naomba maoni yako.

*

Nyumbani
6 Mei

Mwanangu,

Waaleikum salaam. Jicho la utafiti halikai sakafuni.

Sikuandikii kwa hasira, kwa hiyo soma taratibu. Nabii Isa tunampenda tangu wewe hujazaliwa. Hakuuawa. Mwenyezi Mungu alimnyanyua, akawaacha wabaya na kiini macho chao. Na Mungu hazai, hafi, hafungwi kidevu, hageuzwi ubavu. Nimegeuza watu ubavu miaka arobaini na mmoja. Najua uzito wa mtu aliyekufa ulivyo. Ni uzito usio na uzito mwingine mfano wake. Usimtwike Mungu uzito ule. Yeye ndiye anayetubeba.

Hilo la jiwe, kweli, nimecheka peke yangu mpaka baba yako akatoka kwenye redio kuuliza kuna nini. Wanaume walikuwa wapi? Ni walewale! Kazi ikiisha ndipo wanapanga foleni kubeba jeneza.

Lakini rudisha kijitabu cha watu. Mto baki nao.

Mkono bado. Usiulize kila barua.

Shangazi yako anayekutegemea. Unajua kwa lipi.

*

Chumba cha maiti
29 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Uniwie radhi kwa ukimya wa muda mrefu. Majukumu yameongezeka. Mganga mkuu ameupokea mwongozo wangu na ameagiza utumike katika hospitali tatu. Amesifu hasa sehemu ya kwanza, ile yenye maneno yako. Nilitaka uwe wa kwanza kujua.

Bomba limetengenezwa. Hali ya hewa ni nzuri. Bibi Sindano hajambo na anakusalimu, ingawa hamjuani.

Kijitabu nilikirudisha.

Natumaini mkono umepona, na kwamba baba na Mfupi ni wazima. Kuna jambo nilitaka kukuandikia, lakini karatasi imekwisha.

*

Nyumbani
15 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Usishangae mwandiko. Macho yana ukungu, kwa hiyo nasema mimi, anaandika fundi cherehani wa nyumba ya pili. Ni mwanamke msiri, kinywani ana pini wakati wote. (Anasema niiondoe hiyo. Siiondoi.)

Hongera kwa hospitali tatu. Nimewaambia watu wote, hata ambao hawakuuliza.

Mimi nimeishi kwa kusoma watu wasiosema. Anayeletwa kwangu hanielezi alikufaje wala aliishije. Natazama kucha, natazama visigino, najua. Sasa nimeisoma barua yako. Karatasi haikuisha: chini mna nafasi ya vidole vinne. Shikamoo umeleta, salamu ya Mungu umeiacha njiani. Inshallah haimo, alhamdulillahi haimo, hata pale unaposema mwongozo umekubaliwa. Kijitabu umesema umerudisha. Hukusema kama ulikirudisha kabla ya kukimaliza au baada.

Sitaki insha. Nina swali moja, na jibu lake ni neno moja. Nikifa, utaniosha au hutaniosha?

*

Chumba cha maiti
2 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo.

Sitaweza.

Umetaka neno moja, nami nimelitoa. Liliteketeza karatasi sita kabla ya hii. Naijua sheria kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha: Mwislamu huoshwa na Mwislamu. Mimi nilibatizwa Jumapili ya mwisho ya Juni. Siombi uyapokee haya leo. Naomba tu uyasome yote, kwa maana sijawahi kukuficha kitu hapo kabla, na miezi hii miwili nimejihisi kama mwizi katika nyumba niliyozaliwa.

Nilikirudisha baada ya kukimaliza, mara nne. Nilipinga. Nilitumia hoja zako zote, hasa ile ya uzito, kwa kuwa sijapata kusikia hoja nzito kuliko ile. Nilimpelekea Bibi Sindano hoja hiyo kama mtu anayepeleka kesi mahakamani. Alikuwa amepiga magoti juu ya godoro, ameshika ile sindano yake ndefu kama mkono.

"Shangazi yako kasema kweli," akanijibu. "Huo uzito hautwikiki. Hakuna aliyemtwika. Aliinama akauokota mwenyewe." Akaendelea kushona.

Nilirudi kazini. Asubuhi ile kulikuwa na watu wanne majokofuni: mzee, binti, mwendesha pikipiki na mtoto mchanga asiye na jina. Nilifungua milango yote minne niangalie lebo, kama ninavyofanya kila siku. Nikashindwa kuifunga. Nilikuwa nimezoea kuwaona kama watu waliofika mahali ambapo Mungu huwangojea upande wa pili. Asubuhi ile ilinijia kwamba amewahi kulala upande huu. Palepale. Kwenye ubaridi, pamoja nao, hata pamoja na yule mdogo. Sikuogopa maiti maisha yangu yote, shangazi, unajua. Siku ile nilivua viatu. Sikujiamuru, niliona tu miguu yangu iko wazi sakafuni.

Ubatizo ulifanyika katika birika la saruji nyuma ya kanisa lao, mahali pa kawaida kabisa, karibu na kamba ya kuanikia nguo. Mchungaji alinishika bega, Bibi Sindano akanishika shingo kwa chini. Niliutambua mshiko ule. Ni wetu. Ni ule unaomshika mtu asiyejishika. Nikafanya kama wafanyavyo wao: nikalegea. Maji yakanifunika, na kwa mara ya kwanza nikawa upande mwingine wa kazi yangu.

Kisha wakaniinua.

Shangazi, wewe na mimi tumeosha wanawake wangapi? Tumewasitiri, tumewasuka, tumewafunga. Hatujawahi kumwinua hata mmoja.

Sijaacha kukupenda, na sijaanza kudharau chochote ulichonifundisha. Bila mikono yako nisingeyajua haya. Najua nimekupokonya usingizi ule mzuri. Hilo ndilo linalonikata, kila siku, hata katikati ya furaha.

Na sasa nami niulize. Kumpa fundi kalamu si jambo la mtu mwenye ukungu machoni. Mwenye ukungu huandika vibaya, haachi kuandika. Mkono wako una nini?

*

Chumba cha maiti
20 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Ni wiki ya saba bila barua yako. Naandika ili ujue kwamba sitaacha kuandika. Jana nilimfundisha mfanyakazi mpya kumsitiri mtu kabla ya kumvua nguo, na nikamsikia akisema maneno yako kwa sauti yangu: "Huyu ni mgeni wako, si mzigo wako."

Kama hutanijibu, nitaelewa. Kama huwezi kunijibu, tafadhali fundi cherehani aniandikie mwenyewe.

*

Nyumbani
9 Novemba

Mwanangu,

Fundi anaandika. Amefunga duka na kutema pini, kwa hiyo ujue ni mambo makubwa.

Kwanza, wote wazima. Mfupi sasa anatembea na yule mdogo begani mtaa mzima, hataki mtu ambebe. Baba yako sijamwambia. Siri za waliokufa nimetunza miaka arobaini na mmoja, sembuse ya aliye hai. Utamwambia mwenyewe, na siku hiyo uvae viatu vya kukimbilia.

Pili, mkono. Ni kiharusi. Kilinipiga mwezi Juni, upande wote wa kulia, mkono na mguu. Sijaosha mtu tangu hapo. Sikukuambia kwa sababu nilijua utapanda basi siku hiyohiyo, na nilikuwa nataka kwanza kujua nani anayekuja.

Tatu, kwa nini sikujibu. Wiki mbili nililia. Wiki mbili nilikasirika. Niliichana barua yako, halafu nikamwomba fundi aishone. Kweli, aliishona, kwa uzi mweusi. Baada ya hapo shule zikafunguliwa, fundi akawa na sare za kushona.

Sasa nisikilize. Nimemfundisha fundi kazi, kwa mdomo, yeye akifanya mazoezi kwenye mto. Ana mkono mzuri. Nikifa ataniosha yeye, na wewe utakaa nje ya mlango. Hilo halina mjadala na sitaki ulililie.

Lakini sijafa. Na kila siku ninaoshwa. Wanakuja majirani kwa zamu, watu wa kheri, Mungu awalipe, wananisugua kama sufuria iliyounguza. Jana mmoja alinigeuza huku anasimulia habari za harusi. Nikamwuliza mwalimu wa madrasa: mgonjwa anaweza kuoshwa na nani? Akakohoa mpaka nikamwitishia maji. Halafu akasema mgonjwa ana ruhusa zake.

Basi una likizo au huna?

*

Nyumbani
19 Desemba

Mwanangu,

Hii naiandika mimi, kwa mkono wa kushoto. Leo ni siku ya nane nikiiandika. Fundi hajui, na asingefaa kuijua. Ukicheka herufi hizi, cheka mbali.

Umerudi salama huko kazini baada ya likizo, nimepata habari. Baba yako bado hasemi na wewe, lakini ile redio uliyoiacha kwake ameifungua. Inalia vituo vitatu sasa. Mpe muda.

Nataka kukuambia habari za asubuhi ile ya kwanza, kwa sababu ulikuwepo lakini hukuwa mahali nilipokuwa.

Ulifunga mlango. Ulinisitiri kabla ya kunivua. Ulianza upande wa kulia, kama nilivyokufundisha. Upande ule sihisi kitu. Niliuona mkono wako unapita juu ya mkono wangu, nikauona kama wa mtu mwingine. Nikasema kimoyomoyo: hivi ndivyo ilivyo kwao. Wanaoshwa, wala hawajui. Nilianza kuwahurumia wote, mmoja mmoja, tangu mama yako.

Halafu ukavuka, ukaja kushoto. Nikahisi.

Sijui niiandikeje. Miaka yote hii nilimwaga maji sijui yakoje kwa anayemwagiwa. Nilikuwa nafanya kwa kuamini tu. Kumbe yakoje! Ukaniinamia, ukanishika shingo kwa chini, ukanigeuza ubavu, na mimi niliyesema uzito ule hautwikiki nikaona umeubeba, na uso wako umetulia. Nikaogopa. Si kwa maumivu. Chumba kilikuwa kimejaa. Ni wewe na mimi na beseni, mchana kweupe, na kilikuwa kimejaa. Sina neno jingine, na sitasema zaidi ya hapo.

Midomo yako ilikuwa inatembea. Sikukuuliza unamwomba nani. Yangu pia ilikuwa inatembea, nawe hukuuliza.

Usije ukadhani nimelainika. Niliyosema mwezi wa tano ndiyo ninayosema leo. Kila sala nakuombea urudi, na najua na wewe unaniombea nije huko. Mwenyezi Mungu ana kazi na sisi wawili. Na nikifa ataniosha fundi. Nimeshalala usingizi juu ya hilo, usingizi si mbaya.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna uliyemwosha aliyeweza kukuambia, wala hakuna atakayekuambia hata ukiandika miongozo mia. Mimi naweza. Mkono wako mzito kwenye bega. Kidogo tu, pale unapomshikilia mtu ili asiteleze. Unaogopa ataanguka. Haanguki. Legeza.

Njoo tena, ningali na ulimi.

Shangazi yako.